J.M. Kariuki na Hesabu ya Ahadi za Uhuru

Kila Waziri wa Fedha anapoingia Bungeni na mkoba wake kusoma makadirio ya matumizi ya serikali, masikio ya wananchi huelekea kwenye bei. Sukari imepanda kiasi gani? Mafuta ya taa je? Unga utafikia wapi? Maswali hayo ni ya haki, kwani tumbo halina likizo. Lakini lipo swali jingine ambalo aghalabu husahauliwa: zile ahadi zilizotolewa majukwaani wakati wa kuomba kura zimeandikwa katika ukurasa gani wa makadirio hayo?

Miongoni mwa Wakenya waliodai jibu la swali la aina hiyo bila kuchoka, na aliyelipa gharama kubwa kupita wote, ni marehemu Josiah Mwangi Kariuki, ambaye taifa zima lilimjua kwa herufi mbili tu, J.M. Wanafunzi wetu wengi wanajua jinsi alivyokufa. Ni wachache wanaojua alivyoishi, na wachache zaidi wanaoweza kueleza alichokuwa akidai. Hilo ni pengo ambalo mwalimu hana budi kuliziba, kwa maana mtu akikumbukwa kwa kifo chake pekee, waliotaka anyamaze huwa wamefaulu.

J.M. alikuwa mwana wa Bonde la Ufa. Alizaliwa tarehe 21 Machi 1929 huko Kabati-ini, katika wilaya ya Nakuru. Wazazi wake walikuwa wametoka Chinga, Nyeri, mwaka mmoja tu kabla ya hapo, wakiwafuata maelfu ya wengine waliovuka milima ya Nyandarua kwenda kutafuta riziki katika mashamba ya walowezi. Huko walikuwa maskwota. Skwota alimfanyia mlowezi kazi kwa ujira mdogo, naye akaruhusiwa kulima kishamba na kuchunga mifugo michache katika ardhi ambayo haikuwa yake na ambayo asingeweza kuinunua, kwani sheria za kikoloni zilikuwa zimeitenga Nyanda ya Juu kwa ajili ya Wazungu. Mnamo 1937 ilitungwa sheria iliyozipa halmashauri za walowezi uwezo wa kupunguza mashamba na mifugo ya maskwota na kuwaongezea siku za kazi. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo hakuhitaji kufundishwa na mtu yeyote kwamba ardhi ndiyo kitovu cha siasa za Kenya. Alikanyaga somo hilo kila asubuhi.

Safari yake ya elimu haikunyooka. Alianza shule, akaiacha kwa kukosa karo, akarudi kufanya kazi shambani. Mnamo 1946 bahati ilimwangukia kwa njia isiyotarajiwa: alishinda dau katika mbio za farasi, na fedha hizo akazitumia kurudi shuleni. Mwaka huohuo alimsikia Jomo Kenyatta akihutubu, na hotuba hiyo ikamwingiza katika siasa. Baadaye alivuka mpaka kwenda Uganda kusoma katika shule mashuhuri ya King's College, Budo. Aliporejea nyumbani tarehe 22 Oktoba 1952, nchi ilikuwa na siku mbili tu tangu gavana atangaze Hali ya Hatari.

Kijana huyo aliyesoma angeweza kutafuta kazi ya ukarani na kujikalia kimya. Badala yake alikula kiapo cha Mau Mau, akafungua hoteli mjini Nakuru, na nyuma ya shughuli za biashara akawa anaitumikia harakati ile kwa siri. Mwaka 1953 alikamatwa papo hapo hotelini. Tangu siku hiyo hadi 1960 hakuonja uhuru. Alihamishwa kutoka kambi hii ya kizuizini hadi nyingine, zikiwemo Kowop, Lang'ata na Manyani. Alipigwa, akafanyishwa kazi ngumu, akashawishiwa mara kwa mara akiri na kuwataja wenzake.

Jambo moja alilolifanya kambini lafaa kuzingatiwa na kila mwanafunzi. J.M. aliandika barua. Aliziandika kwa siri na kuzipenyeza nje ya seng'enge ziwafikie wakubwa wa serikali na wabunge wa Uingereza, akieleza mateso ya wafungwa na kuwakumbusha watawala hao kwamba yaliyokuwa yakitendwa yalikwenda kinyume cha sheria zao wenyewe. Aliadhibiwa vikali kwa ajili ya barua hizo, wala hakukoma. Baadaye aliyasimulia maisha hayo katika kitabu cha Kiingereza, Mau Mau Detainee, kilichochapishwa mwaka 1963 na kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vilivyoieleza vita ile kwa ulimi wa Mwafrika aliyeshiriki. Tabia hiyo ya kulichukua neno la mtawala na kulipima kwa matendo yake haikumtoka J.M. hata alipokuja kutawaliwa na ndugu zake.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, nao ulikuja na ahadi. Katika ilani yake ya uchaguzi, KANU iliwaahidi wananchi, miongoni mwa mambo mengine, elimu ya bure isiyopungua miaka saba. Majukwaani viongozi waliapa kupigana na umaskini, ujinga na maradhi. Waliokuwa maskwota walitarajia kwamba ardhi waliyoifia ingerudi mikononi mwao. J.M. mwenyewe aliinuka pamoja na serikali mpya. Alikuwa katibu binafsi wa Kenyatta, akateuliwa kuwa kiongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, akaingia Bungeni, na kuanzia 1969 akawa mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Alipata kuwa Waziri Msaidizi wa Kilimo, na baadaye wa Utalii na Wanyama wa Porini.

Ili tuielewe nafasi yake, hatuna budi kuwatazama waliomtangulia katika kudai deni hilo. Mji wa Nakuru wenyewe ulikuwa umemchagua Ramogi Achieng Oneko kuwa mbunge wake mwaka 1963. Oneko alikuwa mmoja wa wale sita waliohukumiwa Kapenguria, na katika serikali ya Uhuru alikuwa Waziri wa Habari. Mwaka 1966 aliacha uwaziri akamfuata Jaramogi Oginga Odinga katika chama kipya cha KPU, kilichodai kwamba KANU imeziacha ahadi zake. Katiba ilibadilishwa haraka ili kila mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura, na katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo Oneko akakipoteza kiti cha Nakuru. Mwaka 1969 KPU ilipigwa marufuku, naye akatiwa kizuizini. Tangu hapo mlango wa upinzani wa kichama ulifungwa. Aliyetaka kuikosoa serikali alilazimika kusimama ndani ya KANU na kuisema KANU. Hapo ndipo aliposimama J.M.

Je, hesabu aliyokuwa akiidai ilikuwa ipi? Kwanza ilikuwa hesabu ya ardhi. Chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja, familia zipatazo 35,000 zilipewa makao katika mashamba yaliyonunuliwa kutoka kwa walowezi, mengi yao yakiwa huko huko Nyandarua alikowakilisha J.M. Mgala muue na haki yake umpe: hiyo ilikuwa kazi kubwa kwa serikali changa. Lakini fedha za kununulia zilikuwa mikopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia, na mzigo wa kuilipa, pamoja na riba, uliwekwa mabegani mwa mkulima. Mtu ambaye babake alifukuzwa katika ardhi bila fidia alitakiwa sasa kuinunua kwa deni. Na wakati yeye akihangaika na ekari zake chache, mashamba mengine makubwa ya Bonde la Ufa yalipita mazima mazima kutoka kwa mlowezi hadi kwa mkubwa mwenye jina na uwezo wa kukopa benki. Maskini waliosalia walichanga hisa katika kampuni za kununua mashamba, kama Ngwataniro ya Nakuru, wakitumaini kwamba siku moja cheti cha hisa kingegeuka kuwa kiwanja.

Pili ilikuwa hesabu ya vyeo na mali. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa ilipendekeza watumishi wa serikali waruhusiwe kumiliki biashara zao binafsi, na serikali ikakubali. Tangu hapo afisa aliyetoa leseni, mkopo au zabuni aliweza kuwa yeye mwenyewe mfanyabiashara anayeiomba. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi la Kimataifa walitoa ripoti yao juu ya Kenya, wakaonyesha jinsi wenye kazi waliofanya kazi kutwa kucha walivyobaki maskini, na jinsi pengo la mapato lilivyokuwa pana. J.M. hakuhitaji ripoti ili kuyajua hayo, lakini ripoti ilithibitisha kwamba malalamiko yake hayakuwa porojo. Alisema wazi kwamba kikundi kidogo cha wanasiasa, maafisa na wafanyabiashara kilikuwa kimeyahodhi matunda ya Uhuru, na akaonya kwamba nchi yenye mamilionea wachache waliozungukwa na umati wa ombaomba haiwezi kuwa na utulivu wa kudumu.

Tatu ni hesabu inayowahusu walimu moja kwa moja. Miaka kumi kamili ilipita baada ya Uhuru kabla ya serikali kuanza kuitekeleza ahadi ya elimu ya bure nchini kote. Desemba 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba karo imeondolewa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Januari 1974 watoto walifurika. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliruka kutoka takriban milioni 1.8 hadi zaidi ya milioni 2.7. Lakini tangazo halikuwa limetanguliwa na matayarisho ya kutosha. Madarasa hayakuwepo, walimu waliofunzwa hawakutosha, vitabu vilikuwa haba. Ili kuziba pengo, shule zilianza kutoza ada ya majengo, na katika sehemu nyingi ada hiyo ilimwelemea mzazi kama karo ilivyokuwa ikimwelemea. Watoto wengi walioingia kwa shangwe wakatoka kimya kimya. Huu ndio mfano bora wa tofauti iliyopo kati ya ahadi na makadirio: ahadi hutolewa kwa sentensi moja, lakini dawati, chaki na mshahara wa mwalimu lazima viandikwe kimoja kimoja katika vitabu vya Hazina.

Baadhi ya wasomaji watauliza: J.M. alikuwa na haki gani ya kuyasema hayo? Naye alikuwa tajiri. Alikuwa na shamba kubwa Gilgil, alifuga farasi wa mashindano, alivaa vizuri na kuzunguka katika hoteli za fahari. Yeye pia alikuwa ameonja yale matunda ya Uhuru. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hoja hii si ya kudharauliwa, na mwalimu asiifiche darasani. J.M. hakuwa mtawa. Wala katika harambee alizozichangia kwa ukarimu mkubwa hakukosa kujijengea jina.

Hata hivyo, na tumtazame Bildad Kaggia, mfungwa mwingine wa Kapenguria. Yeye alidai ardhi kwa wasio na ardhi, akabaki bila mali. Kenyatta alimsuta hadharani kwamba wenzake walikuwa wamejistawisha ilhali yeye hakuwa amejifanyia lolote. Kwa hiyo Kaggia alipodai aliambiwa hana haki ya kusema kwa kuwa ni maskini, naye J.M. alipodai aliambiwa hana haki ya kusema kwa kuwa ni tajiri. Asiyetaka kulipa deni hakosi ila ya kumtia mdai. La busara ni kuichunguza hesabu yenyewe. Ikiwa ni sahihi, itabaki sahihi hata ikisomwa na mwenye farasi. Tena ushahidi wa mtu aliyekaa ndani ya nyumba na kuona sahani zikigawanywa una uzito wake.

Serikali nayo haikumjibu kwa tarakimu. Ilimnyima vibali vya kuhutubia mikutano, mara nyingine hata katika eneo lake mwenyewe la uwakilishi. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 1974 ulifika akiwa amezuiliwa kufanya kampeni kama wagombea wengine. Watu wa Nyandarua Kaskazini wakamrudisha Bungeni kwa kishindo. Baraza jipya lilipotangazwa, hakuwamo tena katika orodha ya Mawaziri Wasaidizi.

Tarehe 1 Machi 1975 bomu lililipuka katika basi jijini Nairobi, likaua watu 27, na hofu ikatanda. Siku iliyofuata J.M. alionekana akiondoka Hoteli ya Hilton pamoja na Ben Gethi, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha GSU. Hakuonekana tena akiwa hai. Siku chache baadaye gazeti moja liliandika kwamba alikuwa Zambia. Ukweli ni kwamba mwili wake ulikuwa umekwisha kupatikana tarehe 3 Machi katika vilima vya Ngong na mchungaji mmoja wa Kimaasai, na ulikuwa umelazwa katika chumba cha maiti cha jiji, hadi familia yake ilipoutambua tarehe 11. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana. J.M. akarudishwa Bonde la Ufa, akazikwa Gilgil.

Bunge liliteua kamati ya uchunguzi chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale. Ripoti yake iliwasilishwa Juni 1975, na ikakubaliwa kwa kura 62 dhidi ya 59, licha ya upinzani wa serikali. Waziri Masinde Muliro pamoja na Mawaziri Wasaidizi Peter Kibisu na John Keen, waliopiga kura upande wa ripoti, wakafutwa kazi. Oktoba mwaka huohuo mbunge Martin Shikuku na Naibu Spika Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, walitiwa kizuizini baada ya kauli zao Bungeni kwamba KANU ilikuwa imekufa. Hakuna mtu yeyote aliyehukumiwa kwa mauaji ya J.M. Bunge lililojaribu kuuliza lilifundishwa kunyamaza, na makadirio ya miaka iliyofuata yakasomwa mbele ya wabunge waliojua bei ya swali.

Tukimtathmini J.M. leo, tusimpambe kwa yasiyo yake. Hakuunda chama, wala hakuacha nyuma mpango kamili wa kuonyesha fedha zingetoka wapi na ardhi ingegawanywa vipi. Ukosoaji wake ulikuwa na nguvu zaidi katika kuonyesha ugonjwa kuliko katika kuandika dawa. Huenda angeiandika angaliishi. Alipouawa hakuwa ametimiza hata miaka 46. Lakini aliliacha swali, na swali zuri ni urithi.

Swali hilo sasa lina mahali pa kisheria pa kuulizwa. Katiba ya 2010 inataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika mambo ya fedha za umma. Katiba hiyohiyo inaliagiza Bunge kutunga sheria juu ya kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ambayo mtu binafsi anaweza kumiliki, jambo ambalo katika miaka ya sabini lilionekana kama uchochezi. Elimu ya msingi bila karo ilirudishwa nchini kote mwaka 2003. Mnamo Juni 2024 vijana walimiminika mabarabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wengi wao wakiwa wameusoma kifungu kwa kifungu, na baadhi yao hawakurudi makwao. Sitawafananisha vijana hao na J.M. kwa kila jambo. Nasema tu kwamba walikuwa wakiisoma hesabu ileile.

Kwa sababu hiyo natoa rai kwa walimu wa historia na uraia, hasa wa Nakuru, Gilgil, Njoro na Nyahururu, ambako historia hii iko chini ya nyayo za wanafunzi wenyewe. Mnapofika kwenye jina la J.M. Kariuki, msiishie Ngong. Waleteeni wanafunzi ilani ya chama kilichoshinda uchaguzi, ilani yoyote ya mwaka wowote, na makadirio ya serikali ya mwaka uliofuata. Wapeni kalamu na wapange safu mbili: kilichoahidiwa, na kilichotengewa fedha. Wajadili kilichotimizwa, wakisifu panapostahili sifa, kisha wajumlishe kilichobaki. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mwanafunzi akishajua kulisoma daftari la deni hilo, hatakuwa rahisi kudanganywa jukwaani, wala hatahitaji kuambiwa J.M. alikuwa nani.